Kiatu Ndani ya Friji

Friji ilikuwa ikinguruma, kisha tik, ikanyamaza. Hivyo ndivyo tulivyojua, nyumbani kwa mama, kwamba marehemu mdogo wangu ameanza kurekodi. Majirani walimwita Kimya, kwa kuwa alilisema neno hilo mara nyingi kuliko salamu.

Alizaliwa tarehe 4 Machi 1984, kitindamimba wa watoto watatu. Alimaliza sekondari mwaka 2002, akaacha chuo cha ufundi mwaka uliofuata, akawa mpiga picha za harusi. Mwaka 2012 alimuoa fundi cherehani, aliyemvumilia kuliko alivyostahili. Mapazia yao yaligeuka mavazi ya waigizaji, na wifi yangu akakaa na madirisha matupu mwaka mzima.

Filamu yake, moja tu, aliianza Januari 2019 kwa kamera ya kuazima na kipande cha bati cha kurudishia mwanga. Sote tuliigiza, mama aliigiza mama. Kipaza sauti kilinasa mngurumo wa friji, kwa hiyo aliizima. Ili asisahau kuiwasha, aliweka kiatu chake kimoja ndani: angeondokaje pekupeku?

"Nyanya zangu zitanuka soksi, mwanangu," mama alisema, akicheka.

Tarehe 11 Agosti mama alikuja kwangu kwa siku kumi. Siku hiyohiyo mwigizaji mmoja alikosa viatu. Marehemu akampa vyake, pamoja na kile cha frijini, akafunga nyumba na kuondoka na kandambili. Aliporudi siku ya tisa alikuta nyama imeoza, na akiba ya dawa ya mama ya sindano, ya kisukari, imepata joto. Akatupa nyama. Akawasha friji. Dawa akaiacha palepale, na hakusema.

Mama aliitumia, akaanguka. Alilazwa wiki tatu, akatoka haoni vizuri. Sitalipamba hilo kwa sababu tu mwenyewe yumo jenezani.

"Uso wangu usionekane kwenye filamu yako," mama alimwambia alipojua. Na yumo mwanzo hadi mwisho. Ukimtoa, hakuna filamu. Hawakuzungumza tena.

Aligundulika kuwa na saratani ya ini Februari 2023, akafariki tarehe 2 Juni, saa nne asubuhi. Ameacha mama, mjane, binti mmoja, kaka yetu, na mimi. Apumzike, ingawa sisi hakutupumzisha.

Mama, jambo la mwisho ni lako. Siku moja kabla hajafariki, alinipa diski yenye filamu nzima. Nikamuuliza kwa ukali nakala nyingine iko wapi. Ilibidi niiname ndipo nimsikie.

"Hakuna, dada. Mpe mama. Akitaka, aivunje."