Libérat na Jengo Lililolipa Ziwa Mgongo

Ndugu wafiwa, majirani, na wewe Bwana Bourgmestre, mkuu wa komini ya mji wetu, uliyekaa mbele, miye ni Toussaint, mdogo wake marehemu, familia imenituma niwasomee maisha yake, na nitayasoma yote.

Kaka yetu Libérat alizaliwa hapa Songo tarehe 14 Machi 1968, akasoma shule ya msingi hapa hapa, akapata diploma ya ujenzi Bukavu mwaka 1989, akaanza kazi katika ofisi ya ujenzi ya komini tarehe 3 Mei 1993. Tarehe 10 Agosti 1996 alifunga ndoa na Concilie, Mungu akawajalia watoto watatu, Providence, Gracien na Eliane.

Mwaka 2018 aliisumbua komini mpaka ikakubali kwamba anayejenga nyumba yenye madirisha ya kupokea upepo wa ziwa, paa la juu na dari, apewe ruhusa upesi na kupunguziwa ushuru, na toka Songo mpaka Kavimvira watu wakajenga nyumba zisizohitaji taa wala feni mchana. Kisha komini yenyewe ikajenga kituo cha afya, ikaziba ukuta wote wa upande wa ziwa ili madirisha yatazame barabara wanakopita wakubwa, ikaweka paa la mabati la chini bila dari. Libérat alikataa kutia sahihi ramani yake, akasema, "Hii haiko hospitali, iko four ya kuokea mikate," wakamhamishia sokoni kukagua vibanda, mwingine akatia sahihi.

Moyo ulianza kumsumbua Aprili 2024, ulipomzidi akalazwa katika kituo kile kile kwa kuwa ndicho kilicho karibu, umeme ukakatika, feni zikasimama, Concilie akampepea kwa katoni mpaka akafariki tarehe 12 Septemba, saa nane mchana. Daktari amesema ni moyo, hatubishi, lakini alikufa akiomba hewa, na hilo linatuchoma.

Tunawashukuru daktari na wauguzi waliotokwa na jasho pamoja naye, majirani walioleta viti na maji, na wenzake wa kazini waliobeba jeneza. Shada la komini tumelipokea kwa desturi, Bwana Bourgmestre, ila asante hatutoi, maana wodi ya wazazi mnayoijenga kando ya kituo kile inafuata ramani ile ile, na kuta zake bado hazijafika juu. Toboeni ukuta wa upande wa ziwa. Providence, binti yake, atajifungulia humo mwezi wa Desemba.

Kaka Libérat, lala sasa, umechoka.