Selpha Ngendo na Vibuyu Saba vya Ruiru

Ndugu, majirani, na nyinyi nyote mliowahi kunywa kwa mkono wake: tumekuja kumsindikiza Selpha Ngendo, mjane wa Ndung'u Macharia.

Marehemu alizaliwa Ngoingwa, Thika, mwaka wa 1912, binti wa pili wa mzee Waweru na mama Kamene. Asubuhi hiyo nzige walipita wakazima jua mpaka saa sita. Mtoto alinyamaza kimya, akangoja mwanga urudi, ndipo akalia. Wazee wakasema, "Huyu anajua kungoja."

Hakuingia darasani, sawa na dada yake mkubwa Warigia, ambaye ndiye mwenye maneno haya. Yameandikwa na Kanini, binti wa marehemu. Shule ya Ngendo ilikuwa kibuyu cha mama yao. Unga wa mawele na mahindi ulitiwa humo na maji, ukachachuka, ukapikwa uji. Lakini kila siku ulibakizwa kidogo chini, wa kuamsha unga wa kesho. Kibuyu hicho hakioshwi. Kikilala njaa siku mbili, kinakufa. Mama alipozeeka alimrithisha Ngendo, akamruka Warigia. "Warigia ana mdomo," alisema. "Ngendo ana mkono." Na ilikuwa kweli.

Aliolewa Ruiru mwaka wa 1931, akabarikiwa watoto watatu. Ndung'u alifariki 1949, na jiko likabaki bila mtu wa kulitegemeza.

Jumatatu, tarehe 9 Januari 1950, Ngendo aliketi kando ya njia ya stesheni ya Ruiru na kibuyu kimoja, sufuria moja na bakuli mbili. Alipata mteja mmoja, Kaleli, fundi wa viatu.

"Mama, mteja mmoja kutwa nzima! Si ungekaa tu nyumbani?"

"Kesho njoo na mwenzako."

Kesho yake Kaleli alikuja na mwenzake. Tangu hapo Ngendo hakukosa asubuhi hata moja, mvua inyeshe ama jua liwake. Mwaka wa pili vibuyu vilikuwa viwili, wa tatu vikawa vitatu. Uji wake ulikuwa mzito hivi kwamba baiskeli ya Kaleli iliwahi kusimamishwa ndani ya sufuria isianguke. Mwenye shaka amwulize, yuko hapo nyuma. Warigia alimsumbua sana amwambie dawa aliyotumia. Ngendo alimwangalia tu: "Dawa ni kwamba hata jana nilikuwa hapa."

Mwaka wa 1954, wakati wa Hali ya Hatari, serikali iliwahamishia watu kijiji kipya, na dada hao wawili wakapewa nyumba moja. Warigia, kwa kutaka kusaidia, alivisugua vibuyu vyote vitatu kwa maji moto na mchanga, akavianika juani.

"Nimekusafishia! Vilikuwa vinanuka hadi kwa jirani."

Ngendo alikaa chini polepole. "Warigia," akasema, "umemwosha mama."

Siku kumi uji ulikataa kuamka. "Mama, huu ni uji ama ni maji ya kunawa?" wateja walimcheka, wakapungua, mpaka akabaki tena na Kaleli peke yake. Hata hivyo, kila asubuhi alikuwa pale. Siku ya kumi na moja alipata pasi, kibali cha kusafiri, akatembea maili kumi na moja hadi Majengo, Thika, kwa rafiki yake Mwanarusi, mke wa Faki. Miaka miwili nyuma Ngendo alikuwa amemgawia kikombe cha chachu kutoka kibuyu cha mama, apikie uji wa futari.

"Dada yangu, ingia. Nimekilisha kila siku. Si uliniambia kisilale njaa?"

Njiani akirudi, askari alimsimamisha.

"Umebeba nini?"

"Mama yangu."

"Mama yako yuko ndani ya kibuyu?"

"Fungua umsalimie."

Askari alifungua, akanusa, akaruka nyuma hatua tatu. "Pita! Pita na mama yako!"

Kufikia 1958 vibuyu vilikuwa saba, ndani ya chumba cha mabati sokoni Ruiru, na mabenchi yalijaa kabla jua halijatoka. Warigia aliruhusiwa kuteka maji tu.

Mwezi wa Machi mwaka huu wa 1959 moyo wa marehemu ulianza kudhoofika na miguu ikavimba. Alilazwa hospitalini Thika. Kila tulipomtembelea hakuuliza kama atapona. Aliuliza, "Mmelisha?" Alhamisi, tarehe 13 Agosti, Kanini alimjibu kwamba wamelisha. Marehemu akamgeukia Warigia: "Na wewe kaa mbali!" Akacheka mpaka akakohoa.

Alituacha Ijumaa, tarehe 14 Agosti, alfajiri, saa ile ile aliyozoea kuwasha moto. Habari zilipofika nyumbani, Kanini alianguka kwa kilio na hakuna aliyekumbuka soko. Basi yule aliyekatazwa alienda peke yake. Alitia unga, akatia maji, kibuyu kwa kibuyu. Hakuosha kitu. Kaleli alipofika alikuta moto unawaka, akavua kofia.

Marehemu ameacha watoto watatu, Kanini, Macharia na Waithira, wajukuu watano, rafiki yake Mwanarusi, na dada mmoja, Warigia. Tukitoka kaburini, uji uko tayari; kila mmoja anywe, lakini abakize kidogo.

Ngendo, pumzika kwa amani. Tumelisha.