Sijui si Sifuri

Benchi letu liko mtaa wa Iroquois, Louisville, jimbo la Kentucky, mbele ya duka la Chimène, kati ya magunia ya mkaa na friji ya barafu. Mguu mmoja ulivunjika tukauwekea kreti la soda, na tangu hapo nina hakika kwamba mtu akidanganya linayumba. Tunaokaa hapo tukitoka zamu ya asubuhi ni Balagizi, Mkongo wa Uvira tunayemwita Avoka, yaani wakili, kwa sababu hajawahi kukubali kosa. Minani, Mrundi mwenzangu, tunayemwita Skana kwa kuwa kazi yake boharini ni kupiga skana makasha. Na mimi Dionizi. Mimi wananiita Pilipili, na anayetaka kujua sababu anijaribu. Sikuvuka darasa la sita katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila, Tanzania, mengine nimejisomea, kwa hiyo sitapamba kitu. Alhamisi ile Adolphine, Mama Grâce, alikuja na bahasha, akaitupa juu ya benchi kabla hata ya kusalimu. Kahawa yangu ikamwagika.

Adolphine: Karatasi tisa! Mbele ya saa nane nizisaini zote upya, ao nirudishe ufunguo ya nyumba ya mzee.

Adolphine anamtunza mzee mmoja, profesa mstaafu, aliyefundisha falsafa ya Wajerumani miaka arobaini. Tangu Pasaka mzee hasemi. Kwenye karatasi ya kila zamu kuna mstari wa maumivu, sifuri hadi kumi. Siku tisa mfululizo Adolphine ameandika hapo neno moja: sijui. Supavaiza wa kampuni yake amekataa. Anataka namba, la sivyo kazi imekwisha.

Skana: Si uandike sifuri, dada? Sifuri haina kesi.

Adolphine: Sifuri ni kusema haumwi. Miye sijue. Nikimugeuza, vidole vyake vinafinya shuka. Labda ni maumivu. Labda ni baridi. Labda amenikasirikia.

Avoka: Bon, andika saba! Uwatishe!

Adolphine: Saba pia ni uongo, Papa Balagizi.

Mimi: Na hao wanaitakia nini sifuri?

Adolphine: Nikiandika sijui, nesi analazimika kuja kumuona. Nikiandika sifuri, kila mutu anarudi kwake na roho safi.

Kichwa kikaanza kuwaka moto. Nilitaka namba ya simu ya huyo supavaiza pale pale. Adolphine akanikatalia kwa jicho.

Adolphine: Mzee mwenyewe njo alinifundisha, wakati alikuwa bado anasema. Miye namulisha supu, yeye ananielezea Mjerumani mumoja wa zamani. Eti mutu hajue kitu chenyewe, anajua tu vile kinamuonekania. Kuko mupaka. Mwenye akili akifika pale anasimama, anasema: hapa sijue.

Avoka: Napinga! Donc, huyo Mjerumani aliuona mupaka namna gani? Miye nimevuka mipaka ine na miguu yangu. Hauwezi kujua ni mupaka kama haujatia mguu ng'ambo!

Adolphine: Mzee alisema kuko Mjerumani mwingine alimupinga vile vile.

Avoka: Munaona? Sasa tuko wawili!

Skana: Mimi namuunga mkono yule wa kwanza. Skana yangu inasoma stika tu, haisomi kilichomo. Juzi stika ilisema viatu, kasha likapasuka, vikamwagika vijiko.

Mimi: Kwa hiyo usichokisoma hakimo?

Skana: Kimo, Pilipili! Ila skana haikijui. Tena nimepata dawa. Kesho nikichelewa nitamwambia meneja: Minani mwenyewe alifika saa kumi na mbili kamili. Huyu unayemwona ni vile anavyokuonekania.

Avoka: Naye atamufukuza Minani mwenyewe, na ule wa kuonekana abaki anapiga skana bure.

Mimi: Niulize mimi sasa. Wajerumani hao hao, walipokuja kwa babu zetu, mpaka wao waliusahau bandarini? Walitupima pua kwa rula, wakaandika kwamba wametujua. Mbona kwetu hakuna aliyeandika sijui?

Skana: Piga hapo hapo!

Avoka: Miye naenda mbali zaidi. Hata Kentucky hatuijue! Labda tungali kambini, tumepanga mustari ya unga, na Kentucky njo vile njaa inatuonekania.

Tukacheka mpaka kreti likasogea. Adolphine hakucheka. Alikuwa ametoa karatasi ya juu na kuiweka gotini, kalamu mkononi, na saa ya dukani ilisema saa saba na nusu.

Mimi: Usisaini!

Adolphine: Ni rahisi kusema, Papa Dionizi. Supavaiza si wako. Na watoto watatu wananingojea miye.

Mlangoni pa duka alikuwa amesimama mgeni mmoja aitwaye Florida, aliyehamia wiki ile kutoka mji wa Buffalo, mfuko wa dagaa mkononi. Kumbe alikuwa anatusikiliza muda wote.

Florida: Samahani, wazee wangu. Sasa hivi huyo mzee yuko na nani?

Skana akamtazama Avoka. Avoka akamgeukia Adolphine.

Adolphine: Kwa ofisi walisema nitoke, watatuma mutu.

Florida: Ametumwa?

Adolphine: Binti yake iko mbali, kule Columbus. Jirani anafanya kazi muchana. Sijue.

Neno lile lile, lakini safari hii liliniuma. Siku tisa amelisema akiwa kando ya kitanda, mkono wake juu ya shuka ile. Leo tumelisema wote tukiwa tumekaa, vikombe mkononi. Huo si mpaka wa akili ya binadamu. Ni matako mazito, na nasema hivyo nikijihesabu.

Adolphine akarudisha zile karatasi tisa kwenye bahasha, bila saini. Akachomoa moja safi, akaandika tarehe ya leo, kisha kwenye mstari wa maumivu akaandika polepole, kwa herufi kubwa, mpaka zikatoka nje ya kisanduku cha namba: SIJUI. NIKO NAYE. NJOO UMUONE.

Avoka: Tia tafadhali, Mama Grâce.

Adolphine: Sitie.

Nami nilikuwa nimeshawasha gari, tumrudie mzee.