Mahindi ya Mzee Malimi na Kitabu cha Bure

Pale Buhongwa, ukishawapita wauza mbao, kuna benchi refu lililoegemea banda la fundi baiskeli. Lina miguu minne, mitatu ya mti na mmoja wa tofali. Hapo ndipo Justa huteremsha birika lake la kahawa kila alasiri, mwanawe mgongoni, na hapo ndipo mambo ya dunia huamuliwa. Wenyewe ni watatu. Ndalahwa, fundi mwenye banda, wanamwita Spoku. Nathaniel, aliyefika kidato cha nne, ni Profesa. Odongo wa bodaboda ni Satelaiti, maana habari humfikia kabla hazijatokea. Siku hiyo alikuwapo na wa nne, mzee Malimi, mkulima wa pamba, ambaye si mtu wa vijiwe. Alikuja na kitabu chembamba kilichogawiwa bure kwenye mkutano wa kata, cha afya, usalama na kilimo. Ukurasa wa kushoto Kiswahili, wa kulia Kiingereza.

— Wanangu, macho yangu yamechoka, alisema mzee. Nisomeeni panapohusu mahindi. Dumuzi walinivamia stoo, nikayapulizia ile dawa ya pamba iliyobaki msimu uliopita. Gunia liko mashineni, mkwe wangu amepanga foleni. Nataka kujua kabla halijasagwa. Yanalika?

Justa akammiminia kahawa. Spoku akakipokea kitabu, akakipima uzito kama anayenunua nyama.

— Bure?

— Bure, mzee akajibu.

— Karatasi inang'aa hivi, na picha za rangi, bure? Mzee wangu, wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wewe hiki umepewa umesimama wima. Jiulize!

— Ajiulize nini? akadakia Satelaiti. Mambo yako wazi. Binamu yangu kule Rorya alipewa kama hiki, cha samaki. Akakilalia chini ya mto. Wiki haijaisha, simu inaita: habari za leo mteja, unahitaji mkopo?

— Kitabu ndicho kilichotoa namba yake? Profesa akauliza.

— Haba na haba hujaza kibaba.

— Hiyo methali imeingiaje hapa?

— Imeingia mlangoni, kama wewe. Mwangalieni huyu ng'ombe wa kwenye jalada. Ukikaa huku, anakutazama. Ukienda kule, anakutazama. Ng'ombe gani huyo? Hiyo ni kamera!

Benchi zima likainamia kushoto, kisha kulia. Hata mzee Malimi aliinama, kwa adabu tu, asiwaangushe wenzake.

— Kweli ananifuata, Spoku akasema.

— Leteni hapa, nyie mnababaisha, Profesa akanyoosha mkono. Tatizo si ng'ombe. Tatizo ni lugha mbili. Spoku, nipe spoku.

Akapewa waya wa gurudumu. Akaanza kuhesabu mistari kwa ncha yake, midomo ikicheza.

— Kiswahili, mistari thelathini na mmoja. Kiingereza, ishirini na minne. Hiyo saba ya ziada ya nini?

Akauinua waya juu kama mwalimu.

— Ya kutupoteza! Ukweli umekaa huku kulia, wameupanga vizuri, mfupi, wa wenye akili. Huku kushoto wametumiminia maneno ya kutuliza wananchi. Mficha uchi hazai.

— Sasa si ungesoma huko kulia, akasema Satelaiti.

— Kiingereza hakisomwi kwenye kelele, bwana. Kinataka utulivu.

— Na mahindi? aliuliza mzee Malimi.

Aliuliza polepole, kama mtu anayeomba maji kwenye nyumba ya ugenini. Ilikuwa mara ya pili. Justa aliona kwamba kikombe chake kilikuwa kimejaa vilevile, na kahawa imeshapoa. Akamwaga ile, akamtilia nyingine ya moto. Alitamani kukichukua kile kitabu mwenyewe. Lakini yeye aliishia la saba, na hapa kuna mtu wa kidato cha nne. Akadhani watafika tu.

Hawakufika. Walikuwa wamehamia kwenye harufu ya wino, Spoku akidai kwamba ndiyo inayowafanya watu wasahau walichokisoma, Satelaiti akiapa kwamba mjumbe wa mtaa wao alikinusa, sasa hajui hata nyumba kumi zake ni zipi, mara akatokea Gladness, mke wa mtoto wa mzee Malimi. Hakulisogelea benchi. Alisimama mbali, kando ya njia, akapiga goti kidogo, uso kaugeuzia barabarani, kama inavyompasa mke wa mtoto mbele ya baba mkwe.

— Shikamoo baba.

— Marahaba, mayu, mama yangu.

— Foleni imefika kwetu. Nisage au nisisage?

Spoku akamtazama Profesa. Profesa akamtazama Satelaiti. Satelaiti akamtazama ng'ombe.

Justa akafuta mikono kwenye kanga, akakitoa kitabu mapajani mwa Profesa, akafungua palipochorwa hindi. Akasoma kwa kidole, taratibu, kama walivyofundishwa:

— "Dawa ya pamba isiwekwe kamwe kwenye nafaka ya kula. Nafaka iliyokwisha kuwekewa isiliwe, hata ikioshwa, hata ikianikwa. Isipewe kuku wala mifugo. Itenge, umwone ofisa kilimo."

 Mzee Malimi akamgeukia Profesa.

— Na huko kulia, mwanangu? Kwenye Kiingereza?

Profesa akakichukua. Safari hii hakuhesabu. Alisoma mpaka chini, akarudi juu, akasoma tena.

— Inasema hivyohivyo, mzee.

Pale kando ya njia Gladness alikuwa ameisahau heshima ya ukwe. Uso ulikuwa umewageukia.

— Na yale ya Jumapili, aliuliza, niliyowapikia watoto uji?

Profesa akamrudishia Justa kitabu.

— Wako wapi? Justa akauliza.

— Nyumbani. Wanacheza.

Justa akafunua ukurasa.

— Hapa wameandika, "Aliyekula apelekwe kituo cha afya hata kama hana dalili, na chupa ya dawa ichukuliwe."

— Chupa naijua mimi ilipo, mzee akasema, akisimama. Niliificha juu ya dari.

Profesa alikuwa ameshaondoka. Hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, lakini sasa alikimbia, shati limemtoka suruali, kuelekea mashineni kabla mtu hajalimwaga lile gunia. Satelaiti akawasha pikipiki na kumpa Gladness kofia yake mwenyewe ya kichwani.

— Pandeni wote wawili, mishikaki. Nauli sitaki kuisikia.

Gladness akarudi nyuma hatua moja. Mke wa mtoto hakai siti moja na baba mkwe, wala nguo zao hazigusani. Alitazama chini. Satelaiti naye akatazama chini.

Mzee Malimi akapanda, akasogea mbele hadi kifua kikagusa mgongo wa dereva, akapiga siti iliyobaki nyuma yake kwa kiganja.

— Panda, mayu, akasema. Mwiko utanidai mimi.