Afande Conrad Opio na Korongo wa Busiu

Mchungaji, wazee wa ukoo, maafande wa Magereza mlio kazini na mliostaafu, majirani wa Busiu, wageni kutoka Jinja na Budondo na kutoka kwetu ng'ambo ya mpaka, poleni sana kwa safari, na poleni zaidi kwa msiba. Mimi ni Joash Ooko, dereva wa malori ya masafa marefu, shemeji wa marehemu, ndugu mdogo wa mjane wetu Maximilla Awuor, na nimepewa kazi hii ya kusoma kwa sababu mbili, ya kwanza tumekaa hapa Wapadhola, Wagisu, Wasoga, Waluo na Wanubi, na bila Kiswahili nusu yetu tungekuwa tunatazamana tu, ya pili sauti yangu haihitaji spika. Spika hakuna, mmeona wenyewe, na tarumbeta ya Magereza imebaki ndani ya gari, kwa maana kule chini, nyuma ya zizi, korongo wawili wenye taji wanalalia mayai, na dada yangu amesema mume wake hatazikwa kwa makelele ambayo yeye mwenyewe angeyafukuza kwa rungu. Kwa hiyo mlioko nyuma sogeeni, msione haya, hema ni la wote.

Marehemu Conrad Opio alizaliwa tarehe 14 Februari 1954 katika kota za askari magereza, mjini Jinja, akiwa pacha wa kwanza, kama jina lenyewe linavyosema, ila mwenzake Odongo alifariki angali ananyonya, na mama yao akawa anampa Conrad sahani mbili, jambo ambalo wengi wenu mnajua hakuliacha hata uzeeni. Alianza shule ya msingi hapo Jinja mwaka 1961, na mwaka 1964, baba yake alipohamishwa kikazi, akapelekwa kwa shangazi yake Budondo, na huko ndiko alikojulia ng'ombe, na huko ndiko alikowaona korongo kwa mara ya kwanza, wakicheza katika shamba la wimbi lililovunwa, akasimama kuwatazama mpaka kengele ya shule ikalia bila yeye, akachapwa, na kesho yake akasimama tena. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1967, akajiunga na sekondari mjini Mbale mwaka 1968, akaiacha mwaka 1971 baba yake alipofariki, na masomo yake, tuseme ukweli mbele ya Mungu, hayakuwa ya kumtingisha mtu.

Tarehe 1 Julai 1974 aliajiriwa na Jeshi la Magereza, akahudumu Jinja, kisha Mbale, kisha Jinja tena, akapandishwa cheo kuwa sajenti mwaka 1998, na kwa miaka mingi alikuwa mwalimu wa gwaride, ndiyo maana leo nawaona wazee wazima hapa mbele wamekaa wima kama wanangoja kukaguliwa. Filimbi yake ilisikika mpaka ng'ambo ya Mto Nile, na wafungwa walisema afadhali kifungo kirefu kuliko asubuhi moja ya Afande Opio. Lakini hakuwahi kumpiga mtu aliyekwisha anguka, na hilo sisemi kwa sababu ni maiti, wapo watu wawili chini ya hema hili waliowahi kuwa chini ya ufunguo wake na wamekuja na mchele wao kutusaidia.

Ndoa sasa. Mwaka 1983 dada yangu Awuor alikuwa anauza omena, wale dagaa wa ziwani, katika soko la Jinja, na afande akawa anakuja kununua omena kila jioni, mtu ambaye hali omena, mpaka paka wote wa kota wakanenepa. Ng'ombe wa mahari walifika kwetu Ugenya tarehe 8 Desemba 1984, mimi nikiwa kijana wa suruali fupi, na shemeji aliwapanga wale ng'ombe mstari mmoja langoni, wakatembea kwa hatua, wallahi, baba yetu akacheka hadi akasahau maneno ya kubishania. Walifunga ndoa kanisani Jinja tarehe 19 Desemba 1987, na Mungu akawajalia watoto watatu, Jude aliyezaliwa mwaka 1985, Shallon mwaka 1988 na Ronnie mwaka 1993, na wajukuu ambao leo wamekatazwa kukimbia, na wananitazama kwa hasira.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2009, akahamia moja kwa moja hapa Busiu, kwenye ardhi aliyokuwa akiinunua kipande baada ya kipande tangu mwaka 1996, akafuga ng'ombe, akaiita ranchi, na ingawa mtu wa Karamoja, mwenye ng'ombe mamia, angeicheka, sisi tuliiita ranchi pamoja naye. Kinamasi hiki hapa chini kimezungukwa na wafugaji sita, na kwa mazoea ya kila mtu, kiangazi kikiingia ng'ombe walishushwa wote hadi kwenye mafunjo, nyasi zikachomwa, na korongo, ndege wa bendera yenu nyinyi Waganda, wakakanyagwa mayai yao hadi wakabaki wawili tu, kisha hata hao hawakuonekana. Shemeji alinipigia simu nikiwa mpakani Malaba kuniambia korongo wameisha, nikamwuliza kama ameniamsha kwa ajili ya ndege, akanikatia.

Mwaka 2015 akaja hapa dada Oliver, afisa wa wanyamapori, yuko pale amevaa kitambaa cha kijani, akaleta habari ya mkataba wa hiari kati ya wafugaji na serikali, nao ulikuwa hivi, mfugaji anakubali mwenyewe kutochoma, kutochimba mitaro, na kuzuia ng'ombe wake wasiingie ukingoni wakati ndege wanataga, nayo serikali inachimba kisima cha pampu na mabirika ya kunyweshea huku juu, inaleta chanjo, na zaidi ya yote inaahidi kwa maandishi kwamba hata korongo wakirudi wakajaa, haitakuja baadaye na masharti mapya wala kuitwaa ardhi ya mtu. Muda ni miaka kumi, na anayetaka kutoka anatoka, hakuna kushikana mashati. Shemeji alifurahi mno, akafanya kosa ambalo ni afande tu anayeweza kulifanya. Asubuhi ya kuwakusanya majirani alivaa magwanda yake yote, akasimama juu ya kichuguu, akapuliza filimbi, akaanza kuamrisha kwa Kiswahili cha gwaride kwamba kila mwenye ng'ombe awalete mbele ya serikali. Jamani! Watu wenye umri wangu wanajua sauti ile ilimaanisha nini zamani hizo, magwanda, filimbi, Kiswahili, na neno ng'ombe, ni askari wamekuja kutwaa mifugo. Hakuna aliyengoja kusikia mengine, majirani wote watano waliswaga mifugo yao na kukimbia, na njia fupi ya kukimbilia ilikuwa kupita katikati ya kinamasi, kwa hiyo siku ya kwanza ya kuhifadhi ndege, ng'ombe wa Busiu nzima walipita juu ya viota, na dada Oliver akabaki amesimama na afande mmoja na filimbi.

Alitubu, na alitubu kwa vitendo. Magwanda akayafungia sandukuni, akavaa kaptula kuukuu na gambuti, akaanza kwenda nyumba kwa nyumba saa ya kukamua, hasemi mkataba, anakamua tu, na Awuor nyuma yake anaongea na wamama, mpaka watu wenyewe wakawa wanauliza, Afande, ile karatasi yako iliishia wapi. Tarehe 12 Septemba 2015 wafugaji watano wakatia saini. Wa sita, Mzee Bakhit, ambaye maji yote ya kinamasi hutokea kwenye ardhi yake, alikataa, tena alimkatalia shemeji usoni, mbele ya watu, akasema, "Afande, karatasi ya serikali ilishatuondoa kwetu mara moja, mara ya pili mimi hapana." Na tusimlaumu, maana katika vurugu za mwaka 1979, serikali ilipopinduliwa na Wanubi wakasakwa, familia yake ilikimbia, na waliporudi kutoka uhamishoni wakakuta mtu mwingine anaishi ndani ya nyumba yao na hati ya serikali mkononi. Shemeji hakubishana naye, na mabirika ya serikali yalipokamilika, ng'ombe wa Bakhit wakanywa kama wengine.

Na korongo wakarudi! Mwaka 2017 wawili, mwaka uliofuata wakatotoa, na kufikia mwaka jana nilipoegesha lori hapo barabarani niliwaona wengi wakiruka juu ya zizi na kuita, nami niliyekatiwa simu kwa kutowajali nikajikuta napiga kelele peke yangu kama mwendawazimu, utingo wangu akadhani tairi limepasuka.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo nalisoma kwa ruhusa ya Mzee Bakhit mwenyewe. Mwezi Aprili 2024 shemeji alikuwa anatafuta mtamba wake aliyepotea, akaingia kwenye mafunjo upande wa Bakhit, na humo akamwona Mzee Bakhit, peke yake, anageuka kutazama nyuma kila mara, anapanga matawi ya miiba kwa mikono yake kuzuia ng'ombe wake mwenyewe, kwa sababu korongo walikuwa wametaga kwenye pembe ya ardhi yake, na yeye aliwapenda, lakini aliogopa kwamba serikali ikijua wako pale, ardhi imekwenda. Shemeji, mzee wa miaka sabini, akachuchumaa majini asionekane, akakaa humo hadi mwenzake alipoondoka, akarudi nyumbani bila gambuti moja, anacheka hadi Awuor akataka kumwita daktari. Alimwapisha dada yangu asiseme kwa mtu, na dada Oliver alipokuja kuhesabu ndege akamuuliza kuhusu upande ule, alijibu kwamba ya huko mwulize mwenye huko. Dada Oliver, tusamehe, makinda yote mawili yalikua salama.

Ugonjwa ulianza kama maumivu ya mgongo, na tarehe 6 Novemba 2024 hospitalini Mbale madaktari wakathibitisha kuwa ni saratani ya tezi dume, na ilikuwa imekwisha sambaa. Alitibiwa kwa upole mkubwa, akaenda na kurudi, lakini kilichomsumbua kuliko dawa ni ile tarehe 12 Septemba mwaka huu, siku mkataba unapoisha, kwa sababu watu wa mpunga, wanaotaka kukausha kinamasi walime, walikuwa wamekwisha anza kuwapigia simu wafugaji, hata Jude kule Jinja walimpigia, na wale wanne wengine wakasema wazi kwamba watatia saini tena kama Bakhit ataingia, kwa maana mtaro mmoja kwenye ardhi yake unatosha kukausha kila kitu. Kila aliyekwenda kumjulia hali aliulizwa habari za Bakhit kabla hajaweka hata chungwa mezani. Dada yangu, ambaye peke yake alijua, akamwambia, si umwambie tu Bakhit kwamba ulimwona na miiba, atalainika. Akakataa, akasema mkataba ni wa hiari, na mtu aliyebanwa kwa siri yake hana hiari tena. Alifariki Jumapili tarehe 3 Agosti 2025, alfajiri, mkewe na Shallon wakiwa wamemshika mikono, na hakujua itakuwaje, na hilo ndilo linaloniuma mimi.

Ndugu waombolezaji, leo asubuhi Mzee Bakhit alikuja kutoa pole, akakaa chini karibu na jeneza, na dada yangu, ambaye kiapo chake kimefunguliwa na kifo, akamsimulia yale ya mafunjoni, kwamba mume wake alimwona, na mwaka mzima na zaidi hakusema. Mzee akainuka akamwendea dada Oliver, akamwuliza karatasi ziko wapi, na dada Oliver, mtu mwenye adabu, akajibu kwamba hawezi kuleta mambo ya ofisi matangani, ziko Mbale. Lo, alikasirikiwa! Wazee wakamgeukia, wamama wakamgeukia, utakujaje kwa Afande Opio mikono mitupu? Bodaboda akatumwa Mbale mbio, na Mzee Bakhit akamwomba mchungaji jambo moja, kwamba jeneza lisishushwe kwanza, kwa sababu alimkatalia mtu huyu usoni, na anataka kumkubalia usoni, angali juu ya ardhi. Mchungaji amekubali, Jude amesema atatia saini kwa nafasi ya baba yake baada ya Bakhit, wa kwanza ni Bakhit, na mimi nikaambiwa nisome bila haraka, nikasema hiyo kwangu si kazi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mbale, majirani waliochota maji na kupika, Jeshi la Magereza kwa gari na kwa kukubali kunyamaza, wenzake wa zamani wa Jinja, kanisa, dada Oliver na ofisi yake, madereva wenzangu waliopokezana lori langu, na kila aliyetoa chochote hata kama nimesahau jina lake, maana macho yangu sasa hayasomi vizuri.

Naona watu wanageuka. Bodaboda amefika, amezima injini kule barabarani, anaisukuma pikipiki kwa mkono, na bahasha iko kifuani mwake! Mpisheni, mpisheni apite, Jude, sogeza kiti cha mzee hapa karibu na jeneza, hapo hapo. Afande Opio, shemeji yangu, pumzika kwa amani, Bakhit ameshika kalamu.