Maji ya Kwanza ya Asubuhi

Sogeeni, wanangu, na mfunge mlango, maana sauti niliyobaki nayo haiwezi kushindana na redio ya jirani. Kifungua mimba, kaa hapo miguuni nikuone uso. Binti yangu, wewe kaa popote utakapo, ila usitoke kabla sijamaliza, hata nikikuumiza. Na wewe, kitinda mimba, weka hiyo simu yako hapa kifuani pangu inase kila neno, na nikikohoa usiizime. Daktari aliwaita pembeni akadhani sioni, lakini mtu aliyesoma vipimo miaka thelathini na mmoja hashindwi kusoma uso wa daktari. Sikilizeni basi, msinikate kauli, kwa sababu nikikatwa sitaweza kuanza tena.

Najua mnangoja niseme nyumba hii ni ya nani. Nitasema, lakini kwanza mjue ilivyokuja, maana atakayerithi nyumba bila kujua ilivyopatikana atakuwa amerithi matofali tu, na siku itakapombomokea hatajua kwa nini.

Mnajua nilikuwa mpima maji. Mjini waliniita Mama Chupa, kwa sababu nilipita na kreti la chupa ishirini na nne, kila moja na karatasi yake, na wenye maneno yao walinipigia kelele kutoka vibarazani, "Mama Chupa, leo unachota au unaonja?" Nami niliwajibu kwamba nikionja nitawamalizia. Kazi ilikuwa na utaratibu wake, na utaratibu huo niliwafundisha vijana wasiopungua kumi: fika kwenye bomba, lifungue, liache litiririke dakika tano kamili, lifunge, pitisha moto mdomoni mwa bomba, lifungue tena, ndipo ukinge chupa. Kwa kutafuta vijidudu, utaratibu huo hauna kasoro. Unaondoa uchafu wa mdomo wa bomba ili upime maji yenyewe. Niliufuata kama sala, na kosa langu la kwanza, ambalo nawaapia halikuwa la makusudi, lilizaliwa humo.

Mwaka ule wa uchaguzi, Meya aliahidi maji kila siku badala ya mara tatu kwa wiki. Bwawa lisingeweza kuutosha mji, kwa hiyo akaamuru maji yavutwe mtoni, na siku alipofungua koki kubwa mbele ya watu nilipiga makofi pamoja nanyi, tena wewe kitinda mimba nilikuwa nimekushika mkono. Mhandisi wa mitambo alikuwa ameandika kwamba maji ya mto ni makali, yanakula bomba, lazima yatiwe dawa ya kuyatuliza. Dawa ile ilikuwa ichelewe miezi minane kufika. Meya alisema uchaguzi hauwezi kungoja miezi minane, dawa itatukuta njiani. Haikutukuta. Na katika mitaa ya zamani, kule chini kwenye nyumba za ukuta mnene, mabomba yanayoingia majumbani yalikuwa ya risasi, yale madini laini ya kijivu waliyotumia watu wa kale, ambayo ni sumu kwa ubongo wa mtoto. Maji makali yakaanza kuyalamba kidogo kidogo, na watu wakayanywa.

Malalamiko yalipokuja, nilitumwa kupima. Nikaenda na kreti langu, nikafungua kila bomba dakika tano, nikakinga, nikapima, nikakuta maji safi. Nikaandika safi, nikatia saini. Mnaelewa nilichofanya? Risasi huingia kwenye maji yanapolala ndani ya bomba. Anayeamka na kukinga ndiye anayeinywa. Mimi nilikuwa nayamwaga yale yaliyolala, kisha napima yaliyotoka moja kwa moja kwenye bomba kubwa la barabarani. Aliyenifungua macho ni fundi bomba mmoja wa mtaa ule, mtu wa mzaha, aliyenijia maabara asubuhi na chupa ya soda imejaa maji. Akasema, "Mama Chupa, nyie mnapima maji ya wageni. Haya ni ya wenyeji. Nimeyakinga kabla sijanawa uso." Nilimcheka, nikayapima ili aniondokee. Kikomo cha risasi kinachoruhusiwa ni mikrogramu kumi kwa lita. Chupa ile ilisoma mia moja tisini na nne. Nikaosha chombo, nikarudia. Mia moja tisini na sita.

Nilipima nyumba arobaini kwa namna ile, maji ya kwanza ya asubuhi, bila kumwambia mtu. Thelathini na tatu zilivuka kikomo. Nikaandika orodha kwa mkono, nikampelekea mkurugenzi, naye kwa kuogopa akanipeleka kwa Meya. Ofisi ilikuwa na zulia nene hata sikusikia hatua zangu. Meya akaisoma orodha yote, hakuruka mstari, kisha akaniuliza kwa upole, "Mama Chupa," kumbe hata yeye alilijua jina lile, "kanuni yenu inasema bomba lifunguliwe dakika ngapi?"

"Tano, Mheshimiwa, lakini hiyo ni kanuni ya vijidudu, si ya..."

"Nimeuliza dakika ngapi, mama, sijauliza ya nini."

"Tano."

"Basi ugomvi uko wapi? Fuateni kanuni. Mimi ni mwanasiasa tu, siwezi kumfundisha mtaalamu kazi yake."

Akaandika maneno hayo pembeni mwa orodha yangu, "Fuateni kanuni, dakika tano," akatia herufi mbili za mwanzo wa majina yake, akanirudishia karatasi. Hakuniambia nidanganye. Hakunitisha. Aliniuliza tu nimebakiza miaka mingapi kustaafu, na nyumba ya halmashauri ninayokaa ina vyumba vingapi. Baada ya miezi miwili ikaja barua kwamba nyumba za watumishi zitauzwa kwa wanaokaa ndani yake kwa bei ya kutupa, na la kwanza kwenye orodha lilikuwa jina langu. Hakusema ni ya nini, nami sikuuliza. Hii hapa ndiyo nyumba mnayoingoja. Miaka minne nilifungua mabomba dakika tano nikijua ninachokimwaga, na miaka minne nilitia saini, mpaka nikastaafu. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga. Mimi niliyaficha maradhi ya wengine, na kifo kimenikuta nayo mkononi.

Nipeni maji kidogo. Hapana, ya kwenye chupa.

Binti yangu. Nimezunguka kote huko nikikukwepa. Ulikuwa umeolewa kule kule mitaa ya zamani, una mimba, halafu una mtoto. Mimi hapa kwangu niliwanywesha hawa wengine maji niliyobeba kazini kwenye madumu, nikisema nahifadhi kwa siku za mgao. Wewe nilikwambia nini? Nilikuja siku moja, nikasimama jikoni kwako, nikakwambia kila asubuhi ufungulie bomba kwanza, uache maji ya dakika tano yapite. Ukaniuliza kwa nini, nikasema mabomba ya zamani yana kutu. Kutu! Ningekwambia kweli, wewe mwalimu, mtaa mzima ungejua kabla ya adhuhuri, na mimi ningekuwa nje ya nyumba hii. Kwa hiyo nikakupa nusu ya neno. Nawe ulinitii, mama yangu, ulinitii kama ulivyotii tangu utoto, ukafungulia dakika tano. Lakini nilikuwa nimekulea mimi mwenyewe kwamba maji hayamwagwi, kwamba anayemwaga maji atakuja kuyalilia, nilikuchapa kwa kikombe kimoja ulichomwaga ukiwa na miaka sita. Basi ukaweka ndoo chini ya bomba. Ukayakinga yale ya dakika tano, yale yale, na kwa kuwa nilisema yana kutu ukayachuja kwa kitambaa safi, ukampikia mtoto uji, na yaliyotoka baadaye, yaliyo salama, ukanywa wewe na mumeo.

Niliiona ndoo hiyo mjukuu wangu alipokuwa na miaka miwili, hajasema hata neno moja. Nikakuuliza ni ya nini, ukajibu kwa kujisifu, "Si unajua, mama, sipotezi kitu." Niliimwaga ndoo ile nikisema imeingia mende. Na bado sikukwambia. Leo ana miaka tisa, hajui kuandika jina lake, na wewe umezunguka kwa madaktari, kwa waombeaji, umemlaumu mumeo, ukaulaumu ukoo wa mumeo, ukajilaumu mwenyewe kwamba ulianguka ukiwa na mimba. Hukuanguka, mwanangu. Ni mimi. Ni Meya, na ni mimi.

Lia. Usinijibu. Sikukuita nikuombe msamaha, maana anayeomba msamaha akiwa anakata roho anamfunga mwenzake kamba. Kaa nao uchungu wako mpaka utakapojua cha kuufanyia.

Kifungua mimba, zamu yako. Wiki iliyopita Meya wa wakati ule, ambaye sasa ni waziri, alikuja kuniona na kapu la matunda, ukampokea uwanjani, mkazungumza nusu saa mkidhani nimelala. Najua karatasi iko mfuko wako wa ndani. Inasema familia inakiri kwamba mama yao peke yake ndiye aliyepotosha vipimo, na kwamba hana akili timamu tangu augue, na ukiisaini kazi yako halmashauri itabaki na nyumba haitaguswa. Sikulaumu kwa kuipokea. Hata mimi nilipewa karatasi nikaichukua. Lakini mla nawe hafi nawe. Tume ya kuchunguza maji yale inaanza Jumatatu, na yule mtu anangoja jambo moja tu, nife kimya, aseme wataalamu walimhakikishia, na mtaalamu mwenyewe awe kaburini. Saini zote ni zangu. Iliyo yake ni moja, herufi mbili pembeni mwa orodha, na orodha hiyo iko chini ya godoro hili ninalolalia. Nimeilalia miaka kumi.

Kitinda mimba, inyanyue ile pembe. Polepole. Umeiona? Isome tarehe. Vizuri. Ikae kwako, wala usimpe kaka yako hata kama atalia. Jumatatu mtaipeleka wote watatu, na hiyo simu, na mtakapoulizwa mama yenu alikuwa mtu gani, msinisafishe. Semeni alijua. Semeni alipokea nyumba. Mkinisafisha mimi mtamsafisha na yeye, kwa sababu tulichafuka pamoja. Watawafukuza humu ndani, tokeni. Kifungua mimba, utapoteza kazi, nami sina cha kukufidia. Wala msifikiri watu wa mitaa ya zamani watawashukuru. Watawatemea mate, na watakuwa na haki.

Nikifa, atakuja kwenye maziko yangu na magari yake, na atataka kusema. Msimzuie. Mwekeni kiti mbele kabisa, karibu na jeneza. Lakini kabla hajashika kipaza sauti, chezesheni sauti yangu hii, yote, mpaka mwisho. Akiinuka aondoke, mpisheni njia, ili watu wamwone mgongo wote.

Ah... ngojeni. Pumzi.

Nyumba sikuigawa kwa sababu si yangu. Cherehani ni ya binti yangu. Vitabu... vya kitinda mimba. Kifungua mimba, saa ya baba yako, ile ya mkono, inachelewa kidogo, lakini... inatembea.

Niinueni mgongo. Basi. Inatosha.

Mungu awape midomo mizito kuliko wangu kwa uongo, na myepesi kuliko wangu kwa... kwa kweli. Awape watoto watakaowauliza kwa nini, na nyinyi muwe... muwe na jibu. Binti yangu, mlete yule mtoto. Si kuniaga. Mlete tu, akae hapa, na mtu amwambie taratibu, kwa maneno anayoyaelewa, kwamba si... kwamba si yeye aliye...

Mwambieni. Mimi sauti... mwambieni nyinyi.