Kochi Ambalo Halikuvishwa

Manthos, zima hiyo redio. Anthula, acha vikombe, utaviosha baadaye, njoo huku upande wa kushoto ambako bado nasikia vizuri. La, si kwenye kiti cha jikoni. Kaeni kwenye kochi, nyote wawili. Najua hamjakaa pamoja tangu tulipomfanyia mama yenu ibada ya arobaini. Mmoja anakuja asubuhi kunipa dawa, na mwingine anasubiri kona ya barabara mpaka aone kisogo cha mwenzake ndipo apande ngazi, mkidhani kwa kuwa macho ya mzee yamekwenda basi na akili nayo imekwenda. Nawajua kwa hatua zenu. Leo nimewaita kwa pamoja kwa sababu daktari alipoondoka jana alinishika mkono muda mrefu mno, na daktari yule si mtu wa kushikana mikono.

Basi tegeni masikio, wanangu, na asinikatize mtu, maana pumzi niliyo nayo ni ya kusema mara moja tu.

Karakana ya mtaa wa bandarini ni yenu sawa kwa sawa, wakili anajua. Cherehani ni ya Anthula, kwa sababu wewe Manthos ukiigusa tu inakata uzi, tangu ukiwa mtoto. Mkasi mkubwa na nyundo ni vyako. Kiti cha Kapteni Vrasidas kimekaa pale hakina mgongo. Kimalizieni, mkivishe kile kitambaa cha kijani nilichomwahidi, na asije akawadanganya kwamba nilimwahidi mahameli. Hiyo ndiyo mali yangu. Ni kidogo, wala haina ugomvi. Ugomvi wenu uko hapo mlipokaa.

Nimesikia yote, kuta za nyumba hii ni nyembamba. Wewe Manthos unataka kulivisha kochi la mama yako mahameli ya hariri kutoka Italia, ili watakaokuja kunizika wajue wameingia nyumbani kwa fundi Stamatis. Wewe Anthula unasema lisiguswe, libaki na kitambaa chake cha marekani, kile cheupe cha pamba, kama mama alivyoliacha, liwe kumbukumbu. Mkaambiana maneno ambayo sitayarudia mbele ya picha yake. Sasa nitawaeleza kwa nini lilibaki na marekani, maana nyinyi mmezaliwa mkalikuta hivyo, mkadhani ni desturi ya nyumba.

Kazi mnaijua. Kochi likishafungwa springi na kujazwa singa za farasi, huvishwa kwanza marekani ili umbo likae, na baada ya hapo ndipo huja kitambaa chenyewe. Marekani ni nguo ya ndani. Nani anampokea mgeni na nguo ya ndani? Mbao nilipewa na babu yenu mzaa mama, za mjozi wa shambani kwake kule Zagora, nikaliunda kochi hilo mwaka tuliooana, naimba kutwa nzima, na nilipofika kwenye marekani nikasimama. Nikasema, kitambaa cha mke wangu hakiwezi kuwa kitambaa cha kila mtu. Ngoja kije kizuri.

Na mji huu wote wa Volos nilikuwa nawachagulia watu vitambaa kabla kahawa haijapoa! Nilikuwa nawauliza: nani atakaa? Mna paka? Mzee anavuta sigara? Jua linaingilia dirisha gani? Bi Argiro wa ghorofa ya chini alikuja anataka kitani nyeupe, naye ana wajukuu wa kujaza basi. Nikamwambia, "Mama, hicho utakilinda kuliko wajukuu." Akacheka, akachukua cha kahawia chenye madoadoa, na mpaka leo wanaruka juu yake. Nilikuwa nawaambia wasichague dukani chini ya taa, wakipeleke kitambaa nyumbani, wakiweke dirishani asubuhi na wakitazame tena jioni, wakisugue kwa leso iliyolowa, wakikalie na suruali wanayovaa kila siku. Mahameli wayapapase kwanza wajue nyuzi zinalala upande gani, kwa sababu ukikata kipande kimoja kinyume, kochi moja litaonekana lina rangi mbili. Yote hayo niliyajua. Nyumbani kwangu sikuuliza hata swali moja.

Kila mwaka, sikukuu ya mtakatifu wa jina lake ilipofika, mama yenu Evanthia alifungua sebule ya wageni, akapanga vijiko na cheri alizozipika kwa sukari, na majirani wakaingia wakakaa juu ya nguo ya ndani. "Evanthia, kitambaa bado?" "Kiko njiani, kinatoka Italia." "Hata mwaka jana kilikuwa njiani. Kinakuja kwa punda?" Wakaangua kicheko, naye akacheka nao, maana hakuwa mtu wa kuaibisha wageni. Halafu alikwenda jikoni akakaa huko muda mrefu kuliko kahawa inavyotaka. Nilimwona akienda. Nikadhani anatafuta sukari.

Mnamkumbuka yule mchuuzi wa pikapu na kipaza sauti, wa mazulia na mablanketi? Siku moja nilikuwa karakanani nimepiga magoti chini ya kiti, misumari midogo imejaa mdomoni, kama tunavyofanya sote, unasukuma mmoja kwa ulimi, unaudaka, unapigilia. Mama yenu akaingia mbio, aproni bado kiunoni. "Stamatis, ana kitambaa cha manjano, cha maua, kinatosha kochi letu! Nikichukue?" Nikasema, "Mm." Nyinyi mliokulia karakanani mnaijua "mm" ya mtu mwenye misumari mdomoni. Maana yake ni subiri, nimekusikia, nitakujibu nikiitoa. Lakini mama yenu alikuwa mtoto wa mkulima wa matufaha, maisha yake yote hakuweka msumari mdomoni. Yeye alisikia ndiyo. Baada ya miaka yote ile ya punda na Italia, alisikia ndiyo.

Jioni napanda ngazi, nakuta amekitandaza juu ya kochi, ameshakipiga pasi, na amevaa gauni lake la kanisani. Manjano, wanangu, manjano ya kuumiza macho, na maua mekundu makubwa kama sahani. Sikusema ni kizuri, sikusema ni kibaya. Nikafanya ninavyofanya dukani: nikakisugua, nikavuta pindo, nyuzi zikaachia. Nikasema, "Hiki hakimalizi mwaka." Akaniambia, "Basi nipe huo mwaka."

Nikacheka. Nilidhani ananitania.

Kesho yake alikikunja, akakikatakata akatandika rafu za jikoni, na ni yale maua mliyokuwa mkipanga sahani juu yake bila kujua yalitoka wapi. Hakuniuliza tena habari ya kitambaa, hata mara moja, na mimi nikaona raha kwamba amani imerudi nyumbani. Nilisema kweli juu ya kitambaa kile. Laiti ningekuwa nimekosea, maumivu yangepungua. Siku tuliyomzika, wale wale waliokuwa wakimtania walikuja na nguo nyeusi, wakakaa juu ya marekani, wakanywa kahawa chungu, na hakuna aliyeuliza kitambaa kimefika wapi. Nilikaa nikingoja aulize hata mmoja. Walininyima.

Kwa hiyo, Anthula binti yangu, hiyo unayoitunza si kumbukumbu ya mama yako. Alikuwa akiichukia, kila Jumamosi aliifunika blanketi. Na wewe Manthos, nijibu kama mteja: nani atakaa? Mtoto wako anayekula mkate na jamu huku akitembea. Mbwa wa dada yako. Utawafukuza wote, ufunge mlango wa sebule, na utakuwa umefanya niliyoyafanya mimi, kwa kitambaa cha bei kubwa zaidi.

Nipe maji kidogo. Basi, yametosha.

Majora ya vitambaa yaliyobaki karakanani, Kapteni Vrasidas ameyapandisha leo asubuhi, yako nyuma ya mlango. Hakuna hata moja lililo bora kabisa, nayajua yote. Chagueni moja. Si kesho. Msimsubiri mtu wa kuwashauri, na msiniulize mimi, mimi kochi hilo sitalikalia. Kisha lianzeni leo leo, na nyinyi wenyewe, maana kochi haliwambwi na mtu mmoja; mmoja avute, mwingine apigilie, na anayevuta asiache mpaka mwenzake amwambie tayari. Anzeni katikati. Pembe ni za mwisho. Mkinizika, watu wakae juu yake na vikombe vyao, na wakimwaga, mwacheni aliyemwaga anywe kahawa yake kwa amani.

Baraka zangu muwe nazo, wewe mwanangu na wewe binti yangu, na watoto wenu... Mungu awape nyumba zinazochakaa kwa kukaliwa. Pumzi imekuwa fupi. Hapana, msimwite daktari. Fungueni hayo majora.

Mnanong'ona nini? Bishaneni kwa sauti, nipate kusikia... Bluu inaonyesha vumbi, kweli, dada yako hajakosea. Na hicho cha mistari... mtalala na kuamka mkilinganisha mistari... Enhe. Nasikia jora moja linakunjuliwa. Mmekubaliana?

Rangi gani? Sema karibu na sikio, Anthula.

Kijivu.

Mama yenu angekichukia... Angekichukia sana. Haya. Yeye hayupo, nami... nami naondoka. Watakaokaa ni nyinyi.

Kateni, wanangu. Kateni.